Mimba ya Ramadhani

Mkwe na mkaza mwana wakikaa nyumba moja ya mtaa wa Buyenzi, mwezi wa Ramadhani hauwaachii siri. Siku mkaza mwana asipotandika mswala, mkwe anajua. Wala haulizi. Mchana anamwekea chakula nyuma ya mlango wa jiko, sahani imefunikwa kawa, ili ale bila kuonwa na wanaume. Jioni sahani inakutwa imeoshwa, na neno halisemwi. Heshima ya wanawake ndivyo ilivyo: kila mtu anajua, na kila mtu anajifanya hajui.

Bi Miza alimwekea Mwantum sahani hiyo kila mwaka, tangu alipoolewa na mwanawe Karimu, fundi wa magari. Na Mwantum aliila siku nyingi kuliko wanawake wengine, maana hedhi yake haikuwa mchezo. Ilimtoa damu nyingi, ikamlaza, ikamwacha amejikunja kitandani akiuma ncha ya kitenge asisikike. Wapo wanaosema mambo ya wanawake ni ya kawaida tu. Hao nawaombea yawapate mwezi mmoja, halafu tuzungumze.

Mwaka wa ambargo, nchi jirani zilipofunga mipaka, petroli ikawa inauzwa kwa chupa na Karimu akishinda gereji akipangusa spana zisizo na kazi, Mwantum alianguka chooni, amezimia. Jirani yake Sikuzani, aliyefanya kazi kwenye zahanati moja ya mjini, alimpeleka kwa daktari, na daktari akampa vidonge vya kuzuia mimba. Vinapunguza damu, alimwambia. Kweli vilipunguza. Haikupita miezi mingi Mwantum akajiona mtu tena. Hedhi yake ilikuja na kuondoka kama mgeni mwenye adabu.

Nyumbani alisema ni dawa ya damu, basi. Ilikuwa kweli, ila kweli iliyokatwa nusu. Mwenyewe hakujua kama anaikimbia damu au anamkimbia mtoto, katika mji wa vita, ambamo watu walikuwa wakilala na viatu miguuni, tayari kukimbia. Swali hilo alilizungukia mbali.

Ramadhani ilipokaribia, akatamani walau mara moja maishani afunge mwezi mzima, asibaki na deni la siku za kulipa peke yake wenzake wakila.

"Pakiti ikiisha usingoje," Sikuzani alimwambia. "Anza ingine siku ile ile, damu haitakuya. Hata wenye wanaenda Maka wanafanya vile."

Mwantum akafanya vile. Akafunga, akasali, akaenda msikitini na wanawake wenzake, roho yake nyeupe. Kitu kimoja tu hakukifikiria: kwamba jikoni kuna mtu anayesubiri kuweka sahani.

Bi Miza alisubiri. Siku zikapita, mkaza mwana bado yuko kwenye mswala. Mama wa watu akaunganisha mambo yake kichwani, na mtu wa Buyenzi angeyaunganisha vipi tena? Mwanamke aliyeolewa, asiyekoma kusali mwezi mzima, ana jambo moja tu.

Jioni moja wakati wa futari alimnyang'anya Mwantum ndoo mkononi.

"Mukazana wangu, kuanzia leo we usibebe maji. Mi nimeona. Mungu anaturudishia Nasor."

Nasor alikuwa ndugu yake Karimu. Gari alilopanda lilichomwa moto mwaka uliotangulia, kwenye njia ya kusini, mbele ya Musaga. Tangu hapo Bi Miza alikuwa akila kama mtu anayelazimishwa, tonge mbili na maji. Mwantum alifungua kinywa aseme apana, mama, si hivyo. Ndipo akamwona bibi yule anajipakulia samaki wa pili, mukeke mzima, anamchambua mifupa, analamba vidole. Akafunga kinywa. Huruma ndiyo iliyomponza, na woga kidogo ukiisaidia.

Kabla ya wiki kwisha mtaa mzima ulikuwa na habari. Wahenga wamesema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Lakini wahenga hawakuwahi kumeza vidonge. Karimu alikuja kutoka gereji anacheka peke yake.

"Kwa nini hukuniambia mi wa kwanza?"

"Sina hakika bado."

"Mama ana hakika," akasema, akaingia ndani.

Mwantum alimkimbilia Sikuzani, machozi yanamlenga.

"Sasa unalia nini?" Sikuzani akamwambia. "Idi ikiisha, acha vidonge. Damu itakuya yenyewe. Utasema mimba imetoka, watakupikia uji, imeisha. Nani atajua?"

Hakuna ambaye angejua, na hilo ndilo lililomtisha. Lakini akisema kweli, aende wapi? Nyumba ya baba yake ilikuwa Kamenge, na Kamenge ile haikuwa na paa tena, wala baba. Akakubali.

Idi ikaliwa vizuri. Baada yake akaacha vidonge, damu ikaja, na haikuja na adabu. Bi Miza alimkuta amejikunja, kitenge kimelowa, naye hakuuliza. Alichana kipande cha kitambaa cheupe, akamwita Karimu alete jembe.

"Chimba hapo kando ya ukuta. Damu ya mutoto haitupwe mu choo. Tutamuzika, na jina lake ni Nasor."

Mwantum alijikokota hadi mlangoni. Aliona mgongo wa mumewe ukiinama na kuinuka, na udongo mwekundu ukirundikana. Tumbo lilimsokota, lakini aibu ilimuuma zaidi. Kunyamaza kulikuwa rahisi. Uji ulikuwa umeshabandikwa. Ila watazika nini? Watazika uongo wake, halafu yule mama atakuwa akiusalimia kila asubuhi hadi afe.

"Karimu, wacha," akasema. "Hakuna mutoto. Hakuwako."

Jembe likasimama. Akawaeleza yote, vidonge, daktari, pakiti iliyounganishwa na pakiti, akishikilia fremu ya mlango asianguke.

"Ulikuwa unanizuilia mutoto?" Karimu aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nilikuwa nazuia damu. Na mutoto pia, labda. Niko naogopa vyote viwili, Karimu. Unisamehe."

Karimu alitupa jembe, akaugeukia ukuta. Bi Miza alibaki na kitambaa mkononi, anakitazama kile kishimo. Mwantum alingoja kufukuzwa. Alikuwa tayari, angechukua hata nguo mbili tu.

"Kumbe hiyo mimba ilikuwa ya kwangu," Bi Miza akasema.

Akakaa chini, hapo hapo kwenye udongo, miguu imenyooka mbele.

"Nasor wangu hakuna mwenye alimuchimbia. Hata hivi, hakuna. Walinambia tu gari limeungua. Nilisema sitalia kama sijaona shimo."

Akalia. Alilia kilio kilichokuwa kimeoza ndani yake mwaka mzima, akipiga kiganja ardhini, akimwita mwanawe jina lake lote na la baba yake. Mwantum alishuka akakaa kando yake, damu au si damu, akamshika. Bibi hakumsukuma.

Majirani walisikia, wakaingia na kanga zao vichwani. Waliona shimo, wakaona kitambaa cheupe, wakaelewa kama wanavyoelewa watu wa Buyenzi. Mmoja akainama kumshika Mwantum mkono ampe pole.

"Apana, siyo huyo," Bi Miza akasema, akijifuta uso. "Huyo ni mugonjwa tu, mumupe uji. Pole ni ya kwangu. Nimefiwa na Nasor."

Wanawake wakatazamana. Kisha, mmoja mmoja, wakakaa chini, wakampa pole yake.