Chembe Zote Zionekane

Tsuguo aliiweka picha yake mezani kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka, ila kidevu chake kilikataa kuinama.

Kando yake ililala picha ya Kuzuhara, Mwenyekiti wa chama cha wapiga picha. Ukubwa mmoja, karatasi moja, chumba kimoja: ukumbi wa kupumzikia wa hamamu, bafu la umma ambako Tsuguo huchochea tanuri. Zote zilipigwa Jumatano iliyopita, saa ile ile. Ya Mwenyekiti ilitoka kwenye kamera kubwa ya kitaalamu, iliyosimamishwa juu ya miguu mitatu. Ya Tsuguo ilitoka kwenye kamera ndogo inayokaa mfukoni mwa aproni. Shindano alilitaka Tsuguo mwenyewe, baada ya kuambiwa kwamba kamera ya mfukoni haipandi ukuta wa maonyesho ya chama.

"Ikishindwa, unaiondoa bila maneno," Mwenyekiti alikumbusha.

"Ikishindwa," alijibu Tsuguo.

Wanachama wakainama. Katika chama hiki cha mji wa Kiryu hakuna anayetoa neno kabla kioo cha kukuzia hakijapita pembe zote nne. Pua zikashuka hadi karibu na karatasi, kama za watu wanaonusa samaki sokoni.

"Vigae vya Mwenyekiti!" Bwana Orihara, fundi saa mstaafu, alivuta pumzi. "Hata nyufa unazihesabu."

"Na kivuli cha chini ya benchi," alidakia Mama Otake. "Kwa Mwenyekiti naona mbao. Kwa kijana naona uji wa ufuta mweusi."

Wakacheka. Masikio ya Tsuguo yakawaka moto.

"Bwana mdogo," alisema Mwenyekiti, jicho bado kwenye kioo, "kihisi cha kamera yako, kile kinachodaka mwanga, ni kama ukucha wa kidole cha mwisho. Changu ni kama biskuti. Maji ya ndoo utayatia vipi kikombeni? Pembe zimefifia, taa imekuwa nyeupe tupu, chembe kama mchanga kila mahali. Si kosa lako. Nunua kubwa, au subiri hadi uweze."

Yote yalikuwa kweli. Tsuguo aliyaona tangu alipoichapa, wala hakukusudia kuyakana.

"Kwa pembe nimeshindwa," alisema. "Kwa kivuli nimeshindwa, kwa taa nimeshindwa. Sasa niambieni, yule mwanamke ni nani?"

Vioo vikasita.

"Mwanamke gani?" aliuliza Mwenyekiti.

Alikuwa katikati kabisa ya picha ya Tsuguo. Mama wa miaka sitini na ushei, taulo shingoni, nywele mbichi, mkono kiunoni, chupa ya maziwa ya kahawa imeinuliwa, naye anacheka mpaka maziwa yamemwachia masharubu. Walikuwa wamezunguka pembezoni kote, na katikati hakufika mtu.

Mama Otake ndiye aliyenyooka wa kwanza. "Mwenyekiti, si Bi Kazue huyu? Mkeo!"

"Dakika kumi mtu anamkagua mkewe kwa kioo, asimjue!" Bwana Orihara alijifanya anakohoa.

Mwenyekiti aliichukua picha, akaisogeza mbali, urefu wa mkono. Katika picha yake mwenyewe ukumbi ulikuwa mtupu, safi kama sahani iliyooshwa.

"Nilimwambia atoke," alisema polepole. "Alikuwa ananiharibia picha."

"Akatoka, akaja upande wangu. Nikamwomba ruhusa, akasema nipige."

"Huwa anacheka hivi?"

Tsuguo nusura amhurumie, akajikaza. "Kamuulize nyumbani."

Mwenyekiti aliirudisha picha mezani. Kisha akavuta orodha ya picha za ukutani, akaandika jina la Tsuguo nafasi ya tatu.

"Itapanda," alisema. "Ila kwenye kibandiko, mahali pa jina la kamera, tutapaacha wazi. Vyama vingine visije vikatucheka."

"Hapana. Liandikwe."

"Kijana, nakusitiri."

"Sikuomba kusitiriwa. Na ya ukutani ichapwe kubwa sawa na yako, Mwenyekiti, isipungue hata kidole."

"Kwa ukubwa ule? Chembe zitakuwa kama punje za mchele!"

"Zionekane," alisema Tsuguo. "Zote."

Akachukua kalamu, akavuta kibandiko, akaandika mwenyewe kwa herufi nene: kamera ya mfukoni.