Manyunyu ya Jumamosi

Jumapili asubuhi Flaviana alikuwa akikaanga mayai nyumbani kwake Kabeza, jijini Kigali, wingu lilipoingia kwa mlango wa nyuma, likapita juu ya jiko, likaenda kutulia sebuleni chini ya dari. Lilikuwa na ukubwa wa shuka la kitanda kipana. Alizima gesi, akakunja zulia, akaleta beseni.

Alilitambua. Jana yake lilikuwa Masaka.

Flaviana, mzaliwa wa Bukoba, ndiye aliyesoma utabiri wa hali ya hewa kwa Kiswahili katika redio moja ndogo pale Gisimenti. Wadhamini wa kipindi walikuwa wakodishaji wa maturubai, na siku ya maturubai Kigali ni Jumamosi, watu wanapokwenda kuposa na wazee wa pande mbili kubishania ng'ombe kwa maneno matamu mpaka jua linazama. Mwezi wa tatu alitangaza dhoruba. Familia zikaahirisha sherehe, na jua likawaka kutwa nzima bila haya. Mkurugenzi, Bwana Habumugisha, hakufoka. Alimwambia kwa upole kwamba utabiri ni kubahatisha tu, basi Jumamosi inatosha kusema manyunyu. Manyunyu hayajawahi kumuudhi mtu.

Ndivyo alivyosoma jana. Taarifa aliyoletewa ilisema upepo mkali na mvua kubwa upande wa Kicukiro, iliko Masaka; yeye akasema manyunyu. Kule Masaka rafiki yake Xavérine, siku hiyo akipokea posa ya binti yake Joselyne, alisikia sauti anayoiamini, akaamua turubai lifungwe uani badala ya kuhamia ukumbi wa parokia. Alasiri upepo ukalinyanyua. Mumewe, mzee Kubwimana, alining'inia kwenye nguzo ili lisiruke wageni wakiwa bado chini yake. Nguzo ikamwangukia, akafa palepale.

Baada ya mazishi Xavérine alikuja Kabeza. Aliketi kwenye kochi lililofunikwa nailoni, akafungua mwavuli wake, akapokea chai. Wingu lilidondosha utepe mweupe wa sherehe ndani ya beseni.

"Hii mvua iko ya kwetu," alisema Xavérine.

"Ndiyo, mama Joselyne."

"Na wewe ulikuwa unajua?"

Flaviana alikuwa ameandaa maneno ya kutosha kuhusu utabiri na kubahatisha. Yalimkauka mdomoni, na ndicho kitu pekee kilichokauka katika nyumba ile.

"Nilijua," alisema. "Nisamehe, dada."

Xavérine alimaliza chai yake taratibu. "Nitakusamehe," alisema, "lakini haiko leo."

Wiki zikapita, na wingu halikukosea hata mara moja. Siku ya mvua liliguna tangu alfajiri. Siku ya jua lilijikunja juu ya kabati likalala. Majirani wakaachana na redio. Mwenye nyumba, Rutayisire, alipita kila asubuhi kuuliza limeamkaje, ndipo aanike maharage yake. Madereva wa pikipiki walipiga honi getini, naye Flaviana akawaambia wavae koti au waliache. Walishukuru, wakaenda zao. Hakuna aliyemuuliza kwa nini hayo hayasemi redioni, na hilo lilimuuma kuliko kama wangemuuliza.

Jumamosi moja wingu liliamka na ngurumo, likapasua glasi mbili. Flaviana alipotoka likamfuata nyuma ya pikipiki hadi Gisimenti, likapanda ngazi pamoja naye. Dennis, fundi mitambo kutoka Kenya, alisoma tangazo lililobandikwa mlangoni mwa studio.

"Madam, hapa wamekataza chakula na vinywaji tu," alisema. "Wingu haijaandikwa. Ingia nayo."

Kabla ya kuketi Flaviana alimwandikia Xavérine kwa simu: Dada, leo hapo Masaka waambie watu wasifunge turubai.

Jibu lilikuja hapohapo: Asante. Na wengine?

Taa nyekundu ikawaka. Nyuma ya kioo Habumugisha alikuwa amesimama na mdhamini, wote wawili wakitabasamu. Maji yalimchuruzika Flaviana hadi viatuni. Alivuta pumzi aseme, na wingu likanyamaza kabisa, likimngoja. Alifikiria kazi yake, na kibali cha kuishi nchini kinachotegemea kazi hiyo. Alimfikiria pia mzee Kubwimana, mikono yake miwili kwenye nguzo.

"Wasikilizaji wetu," alisema, "leo jijini Kigali tutarajie manyunyu."

Wingu lilinguruma juu ya neno la mwisho, na Dennis akapunguza sauti kidogo, kama kawaida yake mtu anapokohoa hewani. Kipindi kilipokwisha alileta dekio.

Nje, magari yaliyopakia maturubai meupe yalikuwa yakiteremka kuelekea kila upande wa jiji. Flaviana aliyatazama hadi la mwisho likapinda kona. Simu ilikuwa bado mkononi, na swali la Xavérine hajalijibu. Kisha akapitia dukani, akanunua mabeseni mengine.