Nyekundu Iliyozunguka Jina la Rosine

Niseme mapema ili mtu asije akanishangaa: mimi si mtu wa kuamini watu haraka. Muuza makaa akiniletea gunia, nalimwaga lote nione kama katikati hakujaza majani. Fundi akinirudishia redio, naisikiliza wiki nzima nikitafuta alichokitoa ndani. Marehemu mume wangu, Evariste, alikuwa akisema hata padri akinibariki kwa mkono wa kuume, mimi macho yangu yako kwenye mkono wa kushoto. Yeye alicheka. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Katika kiwanja chetu cha Majengo kuna nyumba mbili zinazotazamana, yangu na ya Alima. Tunamwita Mama Shida kwa jina la binti yake wa kwanza, aliyekwisha kuolewa. Asili yao ni Kasongo, na mume wake, Useni, anauza vitenge soko la Virunga. Tangu mwaka ule volkano ilipotukimbiza mpaka Sake bila hata sufuria, tulikubaliana kila mmoja ajue mwenzake anaficha wapi ufunguo, ili likitokea jambo tuokoleane vitu. Wake unakaa chini ya jiwe jeusi kando ya pipa la maji. Wangu nilimwambia uko nyuma ya mtungi. Baada ya siku tatu nikauhamisha, na sikumwambia.

Sasa blanketi. Mama yangu alifia Rutshuru mwaka jana, kwa mdogo wangu Mapendo, akaacha sanduku la vitenge. Binti yangu Rosine alilelewa na bibi yake huyo mpaka akafikisha miaka kumi na miwili, na alipochumbiwa na Guylain hakuniomba friji wala seti ya vyombo. Aliniomba kitu cha kujifunika kilichotoka kwa bibi. Basi nikakata kipande katika kila kitenge cha marehemu, nikaviunga, nikaweka blanketi jembamba katikati na shuka chini, nikavishona pamoja kwa mkono miezi minne. Katikati kabisa niliweka kilemba cheupe cha mama, kile alichokitarizi jina ROSINE kwa uzi wa buluu wiki ya komunyo ya kwanza ya mtoto. Hicho ndicho kilikuwa blanketi lenyewe. Vingine vyote vilikuwa vya kukisindikiza.

Ili kilemba kionekane, nilikizungushia kitenge kipya chekundu nilichonunua soko la Birere. Alima alikuja kukiangalia nikiwa bado nakikata.

"Mama Rosine, hii nyekundu umeisha kuifula?"

"Hawafulaka kikwembe ya mupya, Mama Shida."

"Ilowanishe kwanza. Kamata kitambala ya mweupe, ukiloweshe, ukikandamize pale juu. Kama rangi inakuya ku kitambala, itachafula ile kilemba ya mama."

Nilimtazama. Kila mtu wa Goma anajua kitenge kipya kikiguswa na maji kinapoteza mng'ao wake na ile harufu ya duka, na mama mkwe akikipapasa atasema bibi harusi ameletewa kuukuu. Alima anajua hilo kuliko mimi, mume wake anaishi kwa kuuza huo mng'ao. Nikajiuliza kwa nini anataka cha kwangu kififie. Kisha nikakumbuka kwamba sikukinunua kwa Useni. Nikajisemea, aha. Nikashona vilevile, kikavu, kinang'aa.

Jumatatu ya wiki ya harusi blanketi lilikuwa tayari, lakini lilinuka. Vitenge vya mama vilikaa na naftalini miaka mingi, na harufu ile ilikataa kutoka kwa upepo. Nikaamua kulifua haraka, maji baridi, na chumvi nikatupa konzi nzima, maana wamama wote wanasema chumvi inakamata rangi. Haikukamata chochote. Kabla sijahesabu hadi ishirini maji yalikuwa mekundu kama supu ya nyanya, na kilemba cha mama kilikuwa kinakunywa. Nilipiga kelele mpaka wapita njia wakasimama.

Alima alitoka mbio, akanipokonya beseni.

"Usikamue! Usianike! Kama inakauka hivi, haitatoka tena. Uniachie miye. Maji ya moto na sabuni mingi, iogelee mule ndani. Maji ikichafuka, ninamwanga, ninaweka ingine, mpaka maji ibakie mweupe. Siku ine, Mama Rosine."

Harusi ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa nalia, nikakubali. Akalibeba mpaka kwake na mlango akaufunga.

Ule mlango ndio ulioniua. Jumanne haukufunguliwa ila kidogo, kiasi cha kupitisha ndoo. Maji machafu hakuyamwaga kwenye mfereji wetu wa siku zote, alizunguka nayo nyuma ya nyumba. Nikamwomba nione. Akasema ngoja, bado, ukiona sasa utaumia roho bure. Adhuhuri Useni akaja kutoka sokoni, mtu ambaye sijamwona nyumbani saa zile tangu aoe, akiwa na mfuko mweusi umejaa chini ya kwapa. Aliingia, akatoka mikono mitupu, hakunisalimu vizuri.

Nikampigia Mapendo, ambaye huniita Yaya kwa kuwa mimi ndiye dada mkubwa.

"Yaya, vile vikwembe vya mama ni vya zamani," akasema. "Mwenye kuuza vikwembe anajua bei yake. Uangalie wasibadilishe vipande."

Wazo hilo lilikuwa langu tayari, lakini kulisikia kutoka mdomo wa mtu mwingine lilinenepa. Nikamwambia kwamba Alima alikuwa amekisifia mara mbili kile kitenge cha mama chenye mchoro wa mishumaa sita. Nikamwambia ataliharibu kusudi, kwa sababu ya kijicho. Jumatano nikampigia tena, nikaongeza na habari ya pasi yangu aliyoirudisha waya umekunjika, mwaka juzi. Mapendo alikuwa anawaeleza ndugu wengine kila nilichosema. Nilijua, na nilifurahi kwamba nina mashahidi.

Alhamisi, jua likiwa utosini, Alima alitoka na kitenge begani, akafunga kwa kufuli.

"Ninakuya sasa hivi," akasema. "Ninaenda kutafuta kintu."

Hakusema kitu gani. Nikahesabu hatua zake mpaka barabarani, nikainua jiwe jeusi.

Ndani kulikuwa na giza la mapazia. Beseni lilikuwa sakafuni, limefungwa kwa mablanketi ya kitandani kwake, yote mawili, kama mtu mwenye homa. Ukutani alikuwa amevuta kamba, na kwenye kamba vilining'inia vitambaa vyeupe saba, vidogo, vimekatwa kwa mkasi. Cha kwanza kilikuwa chekundu, cha pili kimepungua, na hivyo hivyo mpaka cha saba kilichokuwa karibu cheupe. Nikajisemea: huyu mwanamke amekikata kilemba cha mama! Nikafunua beseni kwa pupa. Kilemba kilikuwamo kizima. Vipande vyote vilikuwamo, na cha mishumaa sita pia. Pembeni kulikuwa na ule mfuko mweusi wa Useni na karatasi za miche ya sabuni, nyingi kuliko ninazotumia mwezi mzima.

Mtu mwingine angerudisha mablanketi na kutoka taratibu. Mimi niliangalia kilemba ndani ya maji, nikaona cheupe, cheupe kabisa, na hasira ikanipanda upya. Kumbe limekwisha! Anakaa nalo la nini? Anataka Jumamosi aje alitoe mbele ya wageni, asifiwe yeye, mimi nionekane mama asiyejua kufua? Nikalikamua kwa nguvu zangu zote, nikatoka nalo, nikalitandaza juu ya mawe ya volkano nyuma ya jikoni, pale penye jua kali. Mawe yetu ni meusi, adhuhuri yanaunguza mguu. Kwa saa mbili blanketi lilikuwa kavu.

Nilikuwa nimekaa karibu, nalilinda dhidi ya kuku, kwa hiyo niliona kila kitu. Kadiri kilemba kilivyokauka, ndivyo uwekundu ulivyotoka katika ile fremu yangu mpya na kutembea kuelekea katikati. Mwanzoni ilikuwa pindo tu. Nikasema ni kivuli. Baadaye ukaifikia R upande mmoja na E upande wa pili, ukasimama hapo, wa waridi, una kingo kama ramani. Nilimwaga maji juu yake. Nilisugua kwa kidole, kwa sabuni, kwa limau. Haukusogea.

Alima aliingia kiwanjani akiwa na sufuria kubwa kichwani, moja ya zile wanazopikia wali wa sherehe kwenye parokia yetu. Mwislamu wa Kasongo alikuwa amekwenda kuomba sufuria kwa wamama wa kanisa langu, wanaoniazima mimi kwa masharti. Aliona mlango wake wazi. Akaona mawe. Akaishusha sufuria polepole.

"Umeianika."

"Ilikuwa imeisha kuwa mweupe," nikasema. "Niliona na macho yangu."

"Mu maji yote inaonekanaka mweupe. Kitambala njo inasemaka kweli." Alichuchumaa, akapitisha kiganja juu ya jina. "Ilibakia maji moya tu, Mama Rosine. Ya mwisho, ku sufuria munene, ijitandaze bila kujikunja."

Nilitaka apige kelele. Angepiga kelele ningejua la kujibu, hasa kuhusu waya wa pasi. Hakupiga. Alinitazama tu, kisha akatazama jiwe lake kando ya pipa, lililokuwa limepinduliwa, na mimi niliona aibu. Neno la kuomba msamaha lilifika kwenye meno likakaa hapo.

Ijumaa nzima alijaribu tena, safari hii mlango wazi. Alichemsha, akalowesha, akabadilisha. Maji yalibaki safi kila mara na waridi likabaki mahali pake. Jioni akanirudishia limekunjwa vizuri, akasema, "Haikubali."

Mapendo alifika na basi dogo la Rutshuru siku hiyo hiyo, na nilipomwona sikumweleza chochote. Nilijiambia nimechoka.

Jumamosi, baada ya misa, tulikaa katika ua wa parokia chini ya turubai. Kwetu zawadi za mama hufunuliwa mbele ya upande wa bwana, ili waone mtoto hakutoka mikono mitupu. Rosine alilifungua blanketi mwenyewe. Alivitambua vitenge kimoja kimoja, akawa anacheka na kulia. Kisha akafika katikati. Akaweka kidole juu ya jina lake.

"Mama," akasema, "kilemba ya bibi imefanya nini?"

Sikupata nafasi ya kuvuta pumzi. Mapendo alikuwa amekwisha kusimama.

"Si njo ule jirani! Yaya alituambia tangu Jumanne, ule mwanamuke ataiharibu. Kijicho! Na amekuya kukula wali!"

Vichwa vyote viligeuka. Alima alikuwa mwisho wa benchi, sahani mapajani, na Useni kando yake. Hakuinua uso. Alikuwa anangoja, na nilijua anamngoja nani.

Nikasimama. Kwa haki ya Mungu nilisimama, na sauti yangu ilisikika mpaka kwa wapiga ngoma.

"Apana. Ni miye. Aliniambia nifule nyekundu mbele ya kushona, nikakatala. Alikuwa anaiponyesha, ilibakia kidogo. Miye niliingia mu nyumba yake hayuko, nikaikamata, nikaianika ku jua. Ni miye niliharibu."

 Kisha Mapendo akatikisa kichwa, macho yamemjaa machozi.

"Muone yaya yangu," akawaambia wageni. "Hataki mutu apate haya mbele yenu. Roho yake iko hivi, tangu butoto."

Mama yake Guylain akapiga makofi. Wengine wakafuata. Mtu akasema Rosine ana bahati ya kuzaliwa na mama kama huyo. Nikarudia, nikasema muniamini, nikataja jiwe, ufunguo, vitambaa saba kwenye kamba. Kadiri nilivyoeleza, ndivyo walivyozidi kunipongeza. Shangazi mmoja alinikalisha kwa nguvu akanipa soda. Nilikuwa nimewapa siku mbili za maneno, moja moja, kwa simu, na sasa nilitaka kuyachukua kwa dakika moja.

Alima aliweka sahani chini, haijaguswa. Akaenda kwa Rosine, akamshika mikono, akamwambia, "Mungu abariki nyumba yenu, mutoto wangu." Akaondoka na Useni, wakipita mbele ya wale waliosogeza magoti ili wasiguswe na nguo zake.

Nilirudi nyumbani jua halijazama, peke yangu, nikiwa nimeyapanga maneno yote niliyotakiwa kuyasema Alhamisi. Nilibisha. Hakuna aliyejibu. Nikasimama kando ya pipa muda mrefu, kisha nikainama, nikainua jiwe jeusi.

Ufunguo haukuwapo. Sikumlaumu. Mimi wangu niliuhamisha kabla hajanikosea chochote.