Mahali pa Kidole

Tok. Tok, tok. Kucha iligonga kioo cha simu, ikanyamaza, ikagonga tena, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Pilipili alisimama koridoni na mfuko wa machungwa mkononi, akasikiliza, kisha akasukuma mlango.

Mama alikuwa kitandani, ameegemea mito. Jana asubuhi jirani alimkuta sakafuni, amezimia. Muuguzi aliyeitwa nyumbani akakagua vidonge vya presha, akasema mama amemeza vya jioni badala ya vya asubuhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Njoo, Pilipili, simu yenu hii imeingiwa na wazimu."

Wazimu huo aliutia Pilipili mwenyewe. Programu ya simu hiyo, ya kuwakumbusha wagonjwa dawa, aliiandika kaka yake, na kaka alipofariki, Pilipili akairithi. Alikuta msimbo uleule, yale maandishi yanayoiendesha programu, umebandikwa ukurasa wa asubuhi, wa mchana na wa jioni. Hitilafu moja uitibu mara tatu. Hata kitufe cha "Nimekunywa" mara kiko juu, mara katikati, mara chini kabisa. Kaka alipokuwa hai, Pilipili alimsimanga mezani mbele ya wageni: "Mtu mzima unajirudia kama kasuku! Hata kitufe huwezi kukipanga?" Kaka alicheka tu, akaendelea kula. Wiki hii Pilipili aliunganisha yote: msimbo mmoja, kitufe chini, kila ukurasa. Kutwa nzima alitembea kifua mbele.

"Cha juu kimekwenda wapi?" mama aliuliza, kidole kikipapasa.

"Vyote viko chini sasa. Herufi kubwa kabisa, mama, hebu angalia."

Mama hakuangalia. Uso wake ulielekea dirishani, na Pilipili akaona jua linampiga machoni wala hapepesi.

"Mama. Unaniona?"

"Nakusikia. Inatosha." Akatabasamu kidogo. "Dawa ikifika, simu hujifungua yenyewe. Nikigusa juu ikatetemeka, ni asubuhi. Ikitetemeka chini, jioni. Jana ilitetemeka chini, nikajua ni jioni. Nikiamka usingizini, kwangu usiku na mchana ni mamoja, baba. Kaka yako alikaa hapo ulipo, ameshika kidole changu: 'Mama, hapa? Au hapa?'"

"Alijua?"

"Nilimwapisha asiseme. Wewe nakujua, ungenifanyia matanga nami ningali hai."

Maneno ya mezani yalimrudia Pilipili moja moja. Heri kujikwaa dole kuliko ulimi, wahenga wamesema. Naye hakujikwaa tu, alimkanyaga mtu aliyenyamaza kwa ajili ya mama yao. Na huyo mtu sasa yuko udongoni, haombeki radhi.

"Hakukukasirikia," mama alisema. "Alisema, 'Mwacheni, ana haki, kazi yenyewe nimeilipua. Nikipata nafasi nitaipanga.' Hakuipata."

Machungwa yalianguka, yakabingirika chini ya kitanda, hakuna aliyeyafuata. Pilipili alikaa ukingoni, akakishika kidole cha mama, chepesi, kikavu, akakiweka juu ya kioo. Machozi yalimtiririka, sauti akaishikilia isimsaliti.

"Msimbo utabaki mmoja, mama. Ila kila ukurasa utakuwa na agizo lake la mahali pa kitufe: cha asubuhi juu, cha mchana katikati, cha jioni chini, palepale alipoviweka. Navirudisha leo hii. Na nakuahidi, sitampelekea mgonjwa yeyote toleo jipya kabla kidole chako hakijalipitia."