Kengele ya Bibi Ludmila

Ilipofika Novemba, shule ya nyumbani ya akina Dvorak ilikuwa imebakiwa na vitu viwili tu katika vyote ilivyoanza navyo Septemba: meza ya jikoni na kengele. Ratiba ya rangi rangi iliyobandikwa ukutani ilichanwa na Blaise, mtoto mchanga, ambaye alikula upande wote wa hisabati. Sare alizoshona Noreen kwa mkono wake zilidumu mpaka siku Zita, wa miaka mitano, alipomvalisha paka sare yake ili ambatize vizuri. Paka alikimbilia chini ya gari akiwa na sketi ya buluu. Tangu hapo watu walisoma na nguo za kulalia, na hakuna aliyelalamika.

Noreen hakuwa mwalimu. Kabla ya kuzaa alikuwa akimshikia daktari wa meno vifaa, kazi ambayo angalau watu hukaa mdomo wazi na kunyamaza. Alipotangaza kwamba watoto wake watasomea nyumbani, mji mzima ulipata la kusema, na mji wenyewe si mkubwa: ni kanisa moja, ghala moja la mahindi na upepo wa Nebraska unaopita katikati bila kusimama. Wengine walisema amezidisha dini. Wengine walisema mumewe, Leo, fundi wa mashine za kuvunia, amekaliwa na mkewe.

Sababu ya kweli ilikuwa Ambrose, mtoto wa pili, mwenye miaka tisa. Shuleni, kila kengele ilipolia, Ambrose alishika tumbo. Wenzake walisoma aya nzima wakati yeye bado anapambana na neno la kwanza, na siku moja darasa lilicheka mpaka mwalimu naye akacheka. Jioni ile Ambrose alimuuliza mama yake kama mtu anaweza kwenda mbinguni bila kujua kusoma. Noreen alijibu kwamba anaweza, kisha akaenda chumba cha kufulia, akawasha mashine ili isikike kelele, akalia.

Mtu pekee aliyempinga usoni alikuwa mama mkwe. Bibi Ludmila alifundisha darasa la tatu katika shule ya parokia miaka mingi hivi kwamba nusu ya mji ilijifunza kusoma mbele ya jicho lake, na nusu hiyo mpaka leo huficha kucha zao yeye akiingia mahali, asije akazikagua. Yeye ndiye aliyeleta kengele. Ilikuwa ya shaba, ya mkono, yenye mpini wa mti uliong'aa kwa kushikwa. Aliiweka dirishani jikoni, juu ya sinki.

"Shule bila kengele ni kijiwe," alisema. "Noreen, mwanangu, mimi sikugombezi. Ila Kwaresima ikielekea mwisho nitakuja kuwapima hawa watoto. Ambrose akinisomea ukurasa mmoja, nanyamaza mpaka naingia kaburini. Akishindwa, anarudi shuleni. Nimeshaongea na Leo."

Noreen akamgeukia mumewe. Leo alikuwa akichunguza kikombe chake cha kahawa utadhani kuna kitu kimezama humo.

"Umeongea naye, Leo?"

"Yeye ndiye aliyeongea," alisema Leo. "Mimi nilikuwepo tu."

Basi ndivyo mwaka ulivyokwenda. Cecilia, binti mkubwa, alisoma kila kitu isipokuwa hisabati, ambayo aliikwepa kwa ufundi wa mwanasiasa. Zita alijua watakatifu wote waliokufa vibaya, nani alichomwa, nani alichunwa ngozi, na aliwasimulia wageni wakati wa kula. Ambrose alisoma na mama yake kwenye ngazi za nyuma, polepole, kidole chini ya neno, bila mtu wa kumcheka. Wiki nyingine alisonga mbele. Nyingine alirudi nyuma, na Noreen alilala akijiuliza kama amemharibia mtoto maisha kwa ukaidi wake mwenyewe.

Kabla ya Jumatano ya Majivu, Noreen alipata wazo kutoka kwa mama mmoja wa parokia ya jirani, mwenye watoto tisa, anayeoka mkate wake mwenyewe na ambaye nguo zake hazina doa hata moja, jambo ambalo Noreen aliomba neema ya kulisamehe. Mama huyo alisema kwamba familia yao huizika Aleluya. Kwa kuwa neno hilo halisemwi wala haliimbwi Kwaresima nzima, watoto huliandika kwenye kitambaa, wakalifukia bustanini, na kulifukua Pasaka.

Watoto walilipokea jambo hilo kama msiba wa mtu mzima. Cecilia alichora herufi za dhahabu kwenye shuka kuukuu. Zita alivaa nguo nyeusi na kulia kwa sauti, bila machozi. Ambrose alitafuta bati la biskuti, akachimba shimo mwenyewe nyuma ya nyumba, udongo ukiwa mgumu kwa baridi, akafukia, na akasimika msalaba wa vijiti. Noreen, aliyekuwa amembeba Blaise anayetapika, alitazama kutoka dirishani na kufikiri, kwa mara ya kwanza mwaka ule, kwamba mambo yanakwenda sawa.

Siku ya mtihani ilikuwa Jumamosi kabla ya Matawi. Bibi Ludmila aliingia na kofia yake ya kanisani na sahani ya kolache, mikate midogo mitamu yenye jamu ya aprikoti, ambazo aliziweka juu ya kabati, mbali na mikono ya watu. Akaketi. Akapanga watoto mbele yake. Kisha akanyoosha mkono kuelekea dirishani bila kutazama, kama alivyofanya maisha yake yote, na mkono ukashika hewa.

"Kengele yangu iko wapi?"

Cecilia alitazama dari. Zita alifumba macho.

"Nauliza kengele yangu iko wapi."

"Tumeizika, Bibi," alisema Ambrose.

"Mmei-nini?"

"Tumeizika. Bustanini. Pamoja na ile nyingine."

"Ile nyingine ipi?"

Watoto wakatazamana. "Hatuwezi kuitaja," alisema Cecilia kwa adabu. "Mpaka Pasaka."

"Imekufa, Bibi," aliongeza Zita. "Mimi ndiye niliyelia."

Noreen aligeuka akatazama dirisha. Wiki zote zile alikuwa ameosha vyombo chini ya lile dirisha na hakuona pengo. Angeweza kusema nini? Kwamba kwake hata mtoto angeweza kupotea chini ya nguo za kufua na asijulikane mpaka Jumapili?

"Noreen," alisema Bibi Ludmila kwa upole wa kutisha, "hii ndiyo shule? Kuzika mali za watu?"

"Mama, sikujua. Kweli kabisa sikujua."

"Hujui kinachozikwa kwenye bustani yako mwenyewe." Akainuka. "Ambrose, chukua sepetu. Twende ukanifukulie."

Ambrose hakusogea. Alikuwa amepauka, na mkono mmoja ulikuwa tumboni, lakini kidevu kilikuwa juu.

"Haiwezekani, Bibi. Nikifungua bati, na ile nyingine itatoka. Na bado ni Kwaresima. Bibi mwenyewe ulituambia kwamba darasani kwako aliyeimba lile neno Kwaresima alisimamishwa pembeni mpaka saa ya kula."

Leo, aliyekuwa mlangoni, alikohoa ghafla. "Ni kweli, Mama. Aliyesimamishwa nilikuwa mimi."

Noreen alimtazama mama mkwe wake akirudi kitini. Alikuwa amenaswa na mtego alioutega mwenyewe kabla Ambrose hajazaliwa. Kuamuru Aleluya ifukuliwe kabla ya Matawi, mbele ya watoto, na yeye ndiye aliyefundisha nusu ya mji kutoitaja? Na kuanza mtihani bila kengele hakuwezekani, kwani mtu hodari huanzaje kazi bila chombo chake?

"Mtihani umeahirishwa," alisema hatimaye. "Pasaka, baada ya misa. Kengele kwanza, ukurasa baadaye." Akabeba sahani yake ya kolache akaondoka nayo, na hapo ndipo Zita alipolia kwa machozi ya kweli.

Noreen alimfuata Ambrose kwenye ngazi za nyuma. Alitaka kumgombeza, lakini alipokaa karibu naye hasira yote ilimwisha.

"Ya kitambaa ninaielewa, mwanangu. Kengele kwa nini?"

Ambrose alibandua rangi ya ngazi kwa kucha. "Kila nikiiona pale dirishani tumbo linauma. Nikajua siku Bibi akiipiga nitasahau kila kitu. Nikasema ipumzike kidogo na yenyewe."

Noreen alimkumbatia, na moyo ulimuuma kwa kweli. Miezi yote ile alimkimbiza mtoto kutoka kwa kengele ya shule, kumbe ameiacha nyingine ikae juu ya sinki.

Sasa, Ijumaa Kuu, watu wa kule hupanda viazi. Baba zao walipanda Ijumaa Kuu, na babu zao, na asiyepanda siku hiyo viazi vyake hutazamwa kwa huruma. Leo naye alitoka na mashine yake ya kulimia, akalima bustani nzima kutoka uzio mpaka uzio, akapanda, akafukia, akarudi ndani ameridhika na nafsi yake. Hakuna aliyemkumbusha. Msalaba wa vijiti ulikuwa umebebwa na upepo zamani.

"Leo," alisema Noreen Pasaka asubuhi, wakiwa wamesimama wote kwenye tope na nguo za misa, "umelima juu ya kaburi."

"Hamkuniambia lilipo!"

"Ulikuwepo kwenye maziko!"

"Nilikuwa nimekuja kuchukua koleo langu!"

Bibi Ludmila alisimama ukingoni na viatu vyeupe na kofia mpya yenye ua. Noreen alidhani atageuka na kwenda zake, na mambo yaishie hapo, Ambrose arudi shuleni Jumanne kwa sababu ya viazi. Lakini bibi huyo alivua viatu, akavipanga kwenye nyasi, akaokota sepetu ya Zita ya kuchezea na kuingia katika tope.

"Mnashangaa nini? Chimbeni."

Wakachimba. Viazi vilivyopandwa Ijumaa vilifufuka Jumapili, kimoja kimoja, na Leo akahesabu kila kimoja kwa kuguna. Cecilia alichimba kwa vidole viwili kwa ajili ya kucha zake. Zita aliimba nyimbo za matanga. Ambrose peke yake alikuwa akichimba upande wa uzio, kimya, na sepetu yake ndiyo iliyogonga bati.

Mashine ilikuwa imelipiga. Kifuniko kimekunjamana, na shuka la Aleluya limechanika katikati. Ambrose aliingiza mkono, akatoa kengele ikiwa imejaa tope mpaka kooni. Akaanza kuifuta kwa mkia wa shati lake jeupe, na Noreen hakumzuia. Kwenye ukingo, chini ya tope, kulikuwa na maandishi yaliyochongwa. Noreen hakuwahi kuyaona. Kengele ile ilikuwa imekaa dirishani na upande huo umegeukia kioo.

"Kuna kitu kimeandikwa," alisema Ambrose, akiendelea kufuta. Kisha, kwa sababu hakuna aliyemwamuru, akaweka kidole chini ya neno. "Kwa... Bi... Ludmila. Kutoka kwa... watoto wake... wa darasa la tatu. Kwa mwalimu..."

Akakwama.

Upepo ulipiga. Noreen alijua anachokifanya Bibi Ludmila mtoto akikwama. Mji mzima ulikijua. Aligonga meza. Alisema "Haya, haya, twende." Noreen aliuona mkono ukiinuka, sepetu ya kuchezea ikiwa ndani yake.

Mkono ulisimama hewani. Bibi Ludmila alikuwa akilitazama lile neno, alilolijua bila kulisoma, na uso wake ulibadilika polepole, kuanzia mdomoni. Mkono ukashuka. Akangoja. Alingoja mpaka ua la kofia likainama kwa upepo, mpaka Leo akaacha kuguna, mpaka Zita akasahau kuimba.

"M... mvu..." alisema Ambrose. "Mvumi... Mvumilivu. Kwa mwalimu mvumilivu." Akainua macho. "Bibi, ni wewe?"

"Walikuwa watoto wadogo," alisema Bibi Ludmila. "Mtoto mdogo huandika analolitamani."

Noreen alimwendea mama mkwe wake na kumshika mkono, tope kwa tope, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe mkono ule ulimshika na yeye.

"Haya, ukurasa," alisema Leo kwa unyonge. "Nikalete kitabu?"

"Kitabu cha nini? Mtihani umekwisha."

"Mama, hata haujaanza."

"Nani mwalimu hapa, Leo?" Bibi Ludmila alipangusa pua kwa mgongo wa mkono, akajipaka tope. "Ambrose anabaki na mama yake. Na Jumanne nakuja mwenyewe, kwa sababu hesabu za Cecilia ni aibu ya ukoo."

"Bibi!" alilia Cecilia.

"Nyamaza, nimekusikia misani ukihesabu mishumaa." Kisha akamgeukia mjukuu wake, na akasema kama mtu anayejifunza lugha mpya, "Kengele ni yako. Piga ukitaka. Usipotaka, iache."

Ambrose aliishika kwa mpini. Aliitazama kwa muda mrefu. Aligusa tumbo lake, akasikiliza kama linauma, na inaonekana halikuuma, kwa sababu aliinua mkono juu na kuipiga kwa nguvu zake zote. Tope lililokuwa kooni liliruka kipande kizima na kutua kwenye kofia mpya, juu ya ua.

"Aleluya!" alipiga kelele Zita, aliyekuwa ameibana Kwaresima nzima.

Ambrose aliganda, kengele juu. Bibi Ludmila alivua kofia, akaikagua, akairudisha kichwani na tope lake.

"Piga tena," alisema. "Halafu mwingie ndani mnawe, nyama inapoa."