Kichuma cha Mama Mkwe

Dukani walimwita Bwana Besi, na jina lilimkaa. Mteja akiingia na kunyoosha kidole kwenye spika kubwa kuliko zote, Besi alimvutia kiti kwanza. "Niambie chumba," angesema. "Kina ukubwa gani? Utakaa upande upi? Amplifaya unayo, au nayo tunanunua?" Kisha angemweleza kwa upole kwamba spika kubwa kwenye chumba kidogo huvuma kama debe, na spika ndogo kwenye ukumbi hupiga kelele mpaka zikauke koo. Zaidi ya yote alionya juu ya amplifaya dhaifu. Watu hudhani kinachounguza spika ni nguvu nyingi, kumbe mara nyingi ni nguvu ndogo iliyolazimishwa. Ukiizungusha amplifaya ndogo mpaka mwisho, sauti inaanza kukatika, na kinachoungua kwanza ni twita, kile kispika kidogo cha juu kinachotoa sauti nyembamba.

Mahubiri hayo aliyajua kwa moyo. Ukweni ndiko yalikompotea.

Siku alipokwenda kutambulishwa, baba mkwe alimuuliza anafanya kazi gani. Akajibu kwamba anauza spika. "Ala! Muuza makelele," mzee alisema, na sebule nzima ikaangua kicheko. Besi alicheka nao, lakini neno lile lilimkaa kooni miaka yote. Kwa hiyo mzee alipomwita na kumwambia, "Mkwe, nitafutie spika, hizi zangu zimechoka, hata kichuma cha mama yenu hakisikiki vizuri," Besi aliona siku yake imefika.

Kichuma ndicho alichokuwa akipiga marehemu mama mkwe kwenye bendi, enzi mzee mwenyewe akipiga gitaa na kushona nguo mchana. Ni fimbo nyembamba ya chuma iliyokunjwa pembe tatu, ikigongwa inalia ting. Watu walimtania mama kwamba analipwa kwa kazi ya kugonga mara tatu, naye aliwajibu kwamba kazi si kugonga, kazi ni kungoja. Katika kaseti moja ya bendi ile aliyobaki nayo mzee, kichuma kile kinalia baada ya gitaa, na mzee alikuwa akikisikiliza kila siku akimaliza chai.

Besi hakuuliza ukubwa wa chumba, ingawa alijua kwamba ukuta wa kati ulikuwa umebomolewa na sebule sasa ilikuwa ndefu. Hakuuliza amplifaya, ingawa aliiona kwa macho yake, kijisanduku cha kutosha chumba cha kulala. Sebule ile na kijisanduku kile vilitaka spika za wastani zisizo na ulafi, zinazotoa sauti pana kwa wati chache. Zilikuwepo dukani, rafu ya chini, zimevaa kitambaa cha kijivu kama suruali ya shule. Lakini angeingiaje nazo zile mbele ya baba mkwe? Akachukua zile zinazofika kifuani, nyeusi, zinazong'aa, zenye njaa ya umeme. Mzee alizizunguka akasema, "Leo muuza makelele umekuja na ghala zima." Besi akalala usiku ule akitabasamu. Kweli majivuno hayana tiba.

Miezi michache baadaye mkewe alimwambia, "Baba anagawa kaseti zake. Anasema masikio yamekufa. Twende tukamwone."

Jumapili walikuta makasha mawili mlangoni, yamefungwa kamba. "Ni ya jirani," mzee alisema. "Kiziwi na kaseti wapi na wapi? Nazungusha kitufe mpaka kinagoma, na bado mama yenu simsikii. Gitaa nalisikia, lakini kama lipo chini ya blanketi."

Besi aliwasha kaseti, akaenda kwenye spika, akainama kana kwamba anaangalia waya, akaweka sikio kwenye twita. Kimya. Akaenda ya pili. Kimya vilevile. Twita zote mbili zilikuwa zimeungua, na aliyeziunguza alikuwa yeye.

"Unaonaje?" mkewe aliuliza.

"Ni umri tu, baba," Besi akasema. "Sote tunaelekea huko."

Mzee aliitikia kwa kichwa, akaanza kufunga kasha la tatu.

Wiki ile nafsi ilimsuta Besi bila kupumzika. Kila alipomwambia mteja "tuanze na chumba," ulimi ulimwia mchungu. "Una nini wewe?" mkewe alimuuliza. "Unatembea kama mtu aliyemeza kijiko." Akamfokea, halafu akaona aibu kwa hilo pia. Alikuwa ameiba masikio ya mtu mzima ili asionekane mjinga, na hakukuwa na jina jingine la kitendo hicho.

Jumamosi alichukua twita mbili mpya, amplifaya yenye nguvu inayostahili, na bisibisi, akaenda peke yake.

"Baba, masikio yako hayana kosa," alianza kabla hajakaa. "Spika zimeungua. Nilikuletea kubwa ili unione mkubwa, na amplifaya yako haikuziweza. Jumapili nililijua hilo, nikanyamaza."

Mzee alizigeukia spika. "Kwa hiyo ni spika."

"Ni mimi, baba. Spika hazikujileta."

"Na uliniambia ni umri."

"Nilikuambia."

"Hilo la spika ni la kucheka," mzee alisema. "Hilo la umri ndilo lililoniuma. Haya, tengeneza."

Besi alifungua, akabadilisha. Nyuma ya kila spika kulikuwa na kibati cha shaba kinachopeleka umeme kutoka kwa kispika cha chini hadi kwenye twita. Alivitoa vyote viwili ili apime sauti nzito peke yake, akavitia mfuko wa shati. Lakini mzee hakuwa na subira. Alikuwa amekwisha kufungua kasha, ametia kaseti, amebonyeza.

Gitaa likajaa sebule. Mzee alifumba macho, akainua kidole. "Hapo!" Kidogo tena, "Hapo! Na hapo! Mwanangu, namsikia!" Alicheka, machozi yakimtoka. "Masikio mazima kabisa. Wewe nenda kalale usingizi wako sasa."

Besi naye machozi yalimlenga. Akatia mkono mfukoni kutafuta leso, na vidole vyake vikagusa vibati viwili, vya baridi.

Bila vibati vile twita hazikupata chochote. Kichuma hakikuwa kimelia ndani ya nyumba ile siku ile hata mara moja. Sasa alielewa kwamba hata spika za zamani hazikuwa zimechoka; yaliyochoka yalikuwa masikio ya mzee. Mzee alikuwa anamsikia mkewe kwa kumbukumbu, na leo alikuwa amemdanganya mkwe wake ili tu amtue mzigo.

Angeweza kushukuru na kwenda zake. Mlango ulikuwa wazi, na uongo ulikuwa umefungashwa vizuri, tena umetoka kwa mzee mwenyewe. Lakini uongo mmoja katika nyumba ile ulikuwa umemtosha.

"Baba, nimesahau kitu," alisema. "Turudishe nyuma."

Alifunga vibati, akabonyeza. Safari hii zilisikika hata kucha za mzee zikikwaruza nyuzi za gitaa. Mzee alifumba macho, akainua kidole, akakishusha. Ndipo kichuma kikalia waziwazi, karibu kabisa, mpaka Besi akashtuka. Uso wa mzee haukubadilika.

Besi alipiga magoti mbele ya kiti chake na kumgusa goti. Mzee akafumbua macho. Kichuma kilipolia mara ya pili, Besi aliinua kidole chake mwenyewe. Mzee alikitazama kidole kile, hakuzitazama spika. Mara ya tatu waliinua pamoja.



"Kumbe nilikuwa namwahi, simngoji," mzee alisema taratibu. "Rudisha nyuma, mwanangu. Tuanze tena."