Meza ya Inchi Sitini

Mimi ni fundi cherehani, na kwa miaka miwili adui yangu alikuwa fundi seremala. Alipokuja kutafuta mahali pa kazi, mama mwenye nyumba alikigawa chumba changu kwa ubao mwembamba. Yeye akapewa upande mpana, mimi nikaachiwa uchochoro. Mungu ananiona, nilijaribu kuwa mpole. Lakini hebu niambie, umewahi kushona gauni jeupe la bi harusi huku vumbi la mbao linakunyeshea kichwani? Nikigonga ubao, naye anagonga. Nikifungulia redio, anaanza kupiga randa. Akaniita Sindano, nikamwita Msumari, na mtaa mzima ukasahau majina yetu.

Jumatatu moja yakanifika shingoni. Vanishi yake ilipita chini ya ubao ikalamba pindo la gauni la mteja. Nikatoka mbio kwenda kumpa vidonge vyake, nikakuta hayupo. Basi nikachukua tepu yake ya chuma, nikaja kuificha kwenye kopo langu la vifungo. Seremala bila tepu, tuone jeuri yake! Aliporudi akapiga kelele za tepu, nami nikapiga za vanishi, mpaka mama mwenye nyumba akashuka na kijiko cha kupikia mkononi.

"Wanangu, mmenichosha," alisema. "Ijumaa asubuhi nakuja. Mmoja wenu anahama."

Sikulala vizuri wiki ile. Nihame niende wapi? Shangazi yangu aliyenifundisha kushona alifanya kazi humu humu mpaka macho yakamgomea, na wateja wote wanaujua mlango huu. Nikaandika makosa ya Msumari kwenye karatasi. Yalifika kumi na tisa, na la ishirini lilikuwa mluzi wake.

Ijumaa, nimefungua tu kufuli, huyo anaingia bila hodi, kabeba meza kichwani. Meza mpya, imepigwa msasa mpaka inateleza. Akaiinamisha ikae kati ya ukuta na ubao. Ikagoma. Akasukuma, ikakwama upande upande, mguu mmoja hewani.

"Wewe! Unanizibia chumba ili mama akute fujo?"

"Tulia basi, Sindano. Ni yako."

"Yangu kivipi?"

Akajifuta jasho, macho chini. "Si nakusikia kila siku nyuma ya ubao? Unakatia vitambaa sakafuni, ukiinuka unasema, 'Mgongo wangu jamani.' Nikaona, kwa kuwa leo nahama mimi, nikuachie pa kukatia."

"Nani kakwambia unahama wewe?"

"Mimi naweza kupiga randa hata uwanjani. Wewe hapa ni kwenu."

Loo! Nilikuwa nimeishika ile karatasi ya makosa, nikaikunja, nikaikunja tena, nikaitia kwenye sidiria. Moyo ulinilainika pale pale, na nilikasirika kweli kwamba umelainika kwa Msumari.

"Ila sielewi," akasema, akiitazama meza. "Nilipima jana ulipoenda kununua uzi. Inchi sitini kamili."

"Ulipimia nini?"

"Futi kamba yako, hiyo hapo ukutani. Nikarudi kwangu nikakata mbao kwa rula iliyopigiliwa kwenye meza yangu ya kazi. Ningefanyaje, na tepu yangu imeibwa?"

Nikaigeukia pale ukutani. Futi kamba ile ni ya shangazi. Pasi iliunguza ncha yake zamani, kwa hiyo inaanzia inchi ya tatu. Ukipima, unatoa tatu. Mkono wangu umezoea, na sijawahi kumwambia mtu. Chumba changu kina inchi hamsini na saba.

Kabla sijafungua kinywa, mama mwenye nyumba akasimama mlangoni. Akaitazama meza, akatutazama sisi.

"Haya, semeni. Nani anahama?"

Msumari akainua mkono kama mtoto wa shule. Nikaushusha, na nikasahau kuuachia.

"Ubao, mama," nikasema. "Ubao ndio unahama."

"Ubao?"

"Meza haiingii. Tukiutoa, itaingia."

"Na vumbi je? Na hizo kelele zenu?"

"Randa atapigia uani," nikasema.

"Nitapigia uani," akasema Msumari haraka, "na mluzi naacha."

"Mluzi nani kakuambia uache?"

Mama mwenye nyumba akauangalia mkono wangu ulivyoung'ang'ania wa mwenzangu, akasonya, akapanda ngazi akicheka peke yake.

Msumari akaleta nyundo. Kabla hajang'oa msumari wa kwanza nikafungua kopo la vifungo, nikamkabidhi tepu yake. Akaigeuza mkononi.

"Kumbe ni wewe!"

"Ni mimi. Nisamehe."

Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akainuka, akaipima meza, akaupima mlango, na mwisho akanipima mimi, kutoka kisogoni mpaka kisiginoni.

"Hicho nacho cha nini?" nikamuuliza.

"Kiti," akasema. "Safari hii sitaki kukosea."